Toyota 86 iliyokaa miezi kumi yadi: kisa cha Arusha

Mwishoni mwa Januari 2024, yadi moja ya magari upande wa Sakina, Arusha, ilipokea Toyota 86 nyeupe ya mwaka 2012, milango miwili, gia za mkono. Haikuja kwa kubahatisha, ililetwa kwa kuombwa. Iliondoka Novemba mwaka huohuo, kwa bei iliyo chini ya gharama ya kuileta. Katikati hapo yadi iliendelea kuuza IST, Passo, RAV4 na Harrier kama kawaida yake, nyingine zikichukuliwa kabla hazijaoshwa vumbi la safari ya kutoka Dar. Mwenye yadi ni mama ambaye yuko kwenye biashara hii muda mrefu kuliko wengi wanaomshauri. Amenifungulia daftari lake na kuniruhusu kuandika, kwa sharti kwamba jina lake na la yadi visitajwe. Gari lilikuwa zima, na mama anaijua kazi yake. Hasara ilipatikana vilevile, na ndiyo maana kisa hiki kinastahili kuchambuliwa.

Chanzo chake ni mtoto wa dada yake, kijana ambaye Jumapili hukutana na wenzake kwenye sehemu ya kuoshea magari Njiro. Hapo zinapangwa Altezza, Mark X, Crown Athlete, Impreza zenye bomba la kelele na IST zilizovalishwa rimu za bei kubwa. Wanayajua magari. Ukimtajia mmoja wao ZN6, yaani namba ya bodi ya 86, atakutajia injini, uzito na mwaka taa zilipobadilishwa. Malalamiko yao ni yaleyale ya wenzao popote duniani: viwanda vimegeuka vya kutengeneza magari marefu ya familia tu, na gari jepesi la milango miwili, linalosukumwa na matairi ya nyuma, lenye bei ya mtu wa kawaida, hakuna anayelileta.

Kijana akaenda kwa mama. "Mama mdogo, leta moja tu uone. Haitalala hapa, watagombania."

"Watalipa na nini, baba?"

"Wapo wenye hela zao, hujawaona tu."

Akamletea orodha ya waliosema wanaitaka. Orodha ilikuwa ndefu, na hapo ndipo ningesimama kama ningekuwa karibu. Mama hakuomba kianzio. Anasema aliona haya: nusu ya wale vijana wanamsalimia shikamoo, wengine amesali jumuiya moja na wazazi wao, atawaanzaje kuwadai pesa ya gari ambalo bado liko mnadani Japani? Akatoa mtaji wake mwenyewe.

Unafuu wa gari hili ulifia bandarini, na hesabu yake inafaa kufuatwa hatua kwa hatua. Chukua kila shilingi 100 ya CIF, yaani bei ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini, tena kwa thamani inayokubaliwa na mamlaka ya mapato, TRA, si lazima ile ya risiti yako. Ushuru wa forodha asilimia 25, umefika 125. Juu ya hiyo 125 unapigiwa ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000, yaani 6.25. Gari limevuka miaka kumi, kwa hiyo kuna tozo ya uchakavu, asilimia 30 ya 125, yaani 37.50. Sasa uko 168.75. VAT ya asilimia 18 inaongeza 30 na senti zake. Unasimama kwenye 199 kabla hujagusa tozo ya reli, gharama za bandari, wakala wa forodha, usajili na dereva wa kulipandisha Arusha.

IST ya 2004 inapigwa asilimia hizohizo. Tofauti ni msingi zinapopigiwa. IST imeshazeeka hata sokoni Japani, thamani yake ni ndogo, ukiizidisha mara mbili bado mwalimu mwenye mkopo wa SACCOS anaifikia. 86 haijawahi kuwa gari la kutupwa. Huko mnadani anayeigombea si Mtanzania peke yake. Yupo mtu wa New Zealand, yupo wa Uingereza, wote wanaendesha usukani wa kulia kama sisi na wote wana vijana wenye kiu ileile. Kwa magari ya zamani zaidi kama Nissan Silvia na Skyline, Mmarekani naye yumo, kwa sababu sheria yao inaliachia gari la nje likifikisha miaka 25. Mpenzi wa magari wa Njiro anashindana na wapenzi wa dunia nzima, na pesa yake ndiyo ya mwisho kwenye foleni.

Kwenye daftari, 86 ile ilikuwa na CIF ya karibu milioni 24. Ilipofika Sakina na namba yake ya usajili ya E imeshafungwa, ilikuwa imekula milioni 51 na ushee. Mama akaiweka sokoni kwa 58.

Siku za kwanza yadi ilijaa. Bodaboda waliegesha kupiga nayo picha. Wanafunzi wakitoka shule walipita njia ya yadi hata kama si yao. Vijana wa Jumapili walikuja wote, wakainama chini kutazama difu, wakafungua boneti, wakaomba iwashwe wasikie. Mlinzi aliyekuwa anawasha anasema betri ilikufa kwa kuwashiwa watu. Kwa wiki kadhaa mama aliamini kijana alisema kweli, kwani wateja wengine walivutwa na 86, wakaingia, wakatoka na RAV4. Hiyo faida ya kivutio ipo, na sitaki kuidharau, ila haiwezi kulipa milioni 51 zilizolala.

Mnunuzi wa kwanza mwenye pesa taslimu alikuja na mkewe na mtoto wa kiume wa darasa la tano hivi, bado ana sare. Baba alikaa kwenye usukani, akasukuma kiti nyuma kama anavyokaa siku zote, uso umemeremeta. Mama mwenye yadi akamwambia mtoto, "Ingia na wewe mwanangu, ujaribu." Kiti cha mbele kikalazwa, mtoto akapenya, kikarudishwa. Magoti yakamfika kidevuni. Hakulalamika, alikuwa anacheka, gari lilimfurahisha. Mkewe ndiye aliyeinama dirishani akamwangalia mtoto, akamwangalia mumewe, akasema kwa upole kabisa, "Baba, na dada yake tutamweka wapi?" Wale watu waliondoka na Harrier ya 2014. Baba alirudi kutazama 86 mara moja zaidi, akiwa peke yake, na hakuuliza bei.

Ningependa mtu asimcheke yule mama wa familia. Huku kwetu gari moja linafanya kazi ya magari matatu. Jumatatu linapeleka watoto shule, Jumamosi linakwenda msibani likiwa na watu watano na masufuria, na Desemba linapanda Kibosho au Rombo na mizigo mpaka dirishani. Mchaga anayeingia kwao Krismasi na gari la viti viwili vya watu wazima atalazimika kueleza ukoo mzima alimwacha nani stendi. Halafu kuna Januari: ada ikifika na hela hakuna, Harrier unaiuza kwa simu mbili. Gari hapa ni akiba, na akiba lazima iuzike haraka. 86 inauzika kwa mtu mmoja ambaye hujui yuko wapi.

Barabara nayo ilitoa ushahidi wake. 86 ya kiwandani inakaa milimita 130 hivi kutoka chini. Harrier ya kizazi cha 2013 ina kama 190. Dereva aliyeitoa Dar alifika na mkwaruzo kwenye plastiki ya chini, kwa sababu matuta ya vijiji vya njiani hayakupimwa kwa gari la namna hii, na akasema alikuwa akiyavuka kwa kukata upande kama anayepita mtaro. Njia nne ya Sakina hadi Tengeru ni lami safi, bypass nayo ni safi, ila mtu halali barabarani. Kutoka lami hadi getini kwake, iwe Kwa Mrombo au Ngaramtoni, kuna kipande cha mawe kinachoamua gari gani linafaa. Na hata kwenye lami, kila penye nyumba nyingi kuna kibao cha 50 na askari mwenye tochi. Injini ya farasi 200 inakwenda Moshi kwa muda uleule wa Passo.

Kuhusu gia, wapenzi walisisitiza za mkono. Wamesisitiza hivyo kila mahali, ndilo jambo la kwanza mpenzi wa spoti hutaja. Mama akatii. Matokeo yake kila mnunuzi aliyekuwa na mke au mdogo wake wa kumwazima gari alilikwepa, na wawili kati ya vijana wa orodha, walipopewa funguo kulizungusha, lilizimika kwenye mteremko wa kuingilia yadi. Mwenye yadi anasimulia hili bila kucheka, lakini mlinzi hawezi kujizuia.

Fundi mmoja wa Subaru aliletwa na mnunuzi mwingine. Injini ya 86 ni boksa ya Subaru, yaani silinda zake zimelala ubavu, inaitwa FA20, kwa sababu gari hili Toyota na Subaru walilitengeneza pamoja na linaundwa kiwanda cha Subaru. Fundi alikuwa anaijua EJ20 ya Forester kama kiganja chake, hii nyingine akasema ina sindano za mafuta za mfumo tofauti na plagi zake ziko pembeni pabaya. Akauliza pia kama ilikwishafanyiwa ule wito wa mwaka 2018, Subaru walipoita magari ya mwaka 2012 na 2013 kubadilishwa springi za valvu, kazi inayohitaji injini itolewe. Yadi haikuwa na karatasi ya kuonyesha ndiyo au hapana. Swali lilikuwa halali, na mteja akaondoka nalo.

Hadithi hii Japani ilishaonekana kabla ya kufika Arusha. Nissan ilifunga Silvia mwaka 2002. Honda ikaacha Prelude 2001 na Integra 2006. Toyota yenyewe ikafunga Celica 2006 na MR-S mwaka uliofuata. Hakuna aliyewachukia wapenzi wa magari hayo. Wanunuzi walihamia kwenye magari marefu ya familia, na gari la milango miwili likabaki na watu wanaolisifia kuliko wanaolilipia. Toyota ilipotaka kurudi ilibidi igawane gharama na Subaru, kampuni ambayo Toyota ilikuwa imenunua sehemu ya hisa zake tangu 2005, maana bodi ya kusukumwa nyuma yenye injini iliyolala chini haikuwepo kwenye ghala la Corolla.

Gari lilipotoka 2012 waliwapa wapenzi walichoomba kwa herufi. Japani kulikuwa na toleo linaloitwa RC, yeni 1,990,000, rimu za chuma, bampa zisizopakwa rangi, bila AC, ili kijana alinunue kwa bei ya chini amalizie mwenyewe. Marekani liliuzwa kwa jina la Scion FR-S, kuanzia kama dola 24,200. Mwaka wa kwanza kamili huko, 2013, yaliuzwa zaidi ya 18,000. Mwaka 2015 yalikuwa karibu 10,500, wakati RAV4 peke yake ilivuka 300,000. Kushuka huko hakumaanishi gari liliharibika njiani. Mahitaji ya gari la spoti ni simtank, si bomba: kilichokuwemo kilijaa kwa miaka ya kusubiri, kikachotwa kwa fujo, halafu kikabaki cha chini. RAV4 inanunuliwa na kila anayeoa, anayezaa na anayehamia nyumba mpya, na watu hao hawaishi.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa Arusha hawapendi kuambiwa. Gari lipi litengenezwe huamuliwa na anayenunua jipya. Sisi karibu wote tunanunua gari likiwa na miaka kumi, limeshatumiwa na mtu wa Nagoya au Yokohama. Kiu yetu, hata ikiwa ya kweli kiasi gani, kiwandani haisikiki. Tunachoweza ni kuchagua katika kile ambacho Mjapani alichagua miaka kumi nyuma, na Mjapani alichagua Harrier na gari dogo la mjini. Ndiyo sababu minadani 86 ni chache, yenye gia za mkono na bila kupigwa ni chache zaidi, na bei haianguki.

Hata hivyo kosa la biashara hii silitupi kwa vijana. Hawakusema uongo. Walipoulizwa kama wanalitaka walisema ndiyo, na walilitaka kweli. Swali la bei halikuulizwa. Oktoba, mama aliposhusha hadi 52, aliwaita wachache akawauliza mmojammoja angetoa ngapi. Wengi walinyamaza. Mmoja, tena mwenye kazi nzuri ya utalii, alisema angelichukua kwa 30, kwa awamu tatu. Hiyo 30 ndiyo namba muhimu kuliko zote kwenye daftari zima. Mahitaji yapo, na yanaanzia milioni ishirini na kitu chini ya gharama ya kulifikisha gari hapa. Litakapokuwa la mkono wa tatu au wa nne, rangi imefifia na bampa limefungwa waya, litafika bei hiyo na vijana watalinunua. Altezza ilipitia njia hiyohiyo. Ilitoka 1998, ikawa gari la mwaka Japani, leo mtu anaipata mkononi mwa mwenzake kwa pesa anayoweza kukusanya, na ina milango minne kwa hiyo mke hana neno. Mark X vilevile: V6, matairi ya nyuma yanasukuma, na nyuma wanakaa watu wazima watatu. Vijana wa Njiro wanasema hawana gari la spoti la bei nafuu huku wameegemea magari yanayokaribia kabisa kuwa hayo.

Novemba alikuja mtu wa makamo kutoka Moshi, amemsindikiza rafiki aliyefuata RAV4. Watoto wake wameshajitegemea, nyumbani ana Prado ya kupandia Machame. Hakuomba iwashwe asikie mlio. Aliuliza kadi iko kwa jina la nani, bima iliyopo ni kubwa au ndogo, na lina muda gani pale. Akaambiwa. "Dada, hili limekuganda," akasema. "Nina 49." Mama akazunguka nyuma ya kontena la ofisi akampigia mumewe, akarudi, wakaandikiana.

Hasara inayoonekana ni milioni mbili na kidogo. Isiyoonekana ni kubwa zaidi. Milioni 51 kwenye yadi ile ni IST tatu, mzunguko wa kama miezi mitatu kutoka kulipia Japani hadi mteja kuondoka, na kila IST huacha milioni moja na laki mbili hivi. Tangu alipolipia 86 hadi ilipoondoka ulipita mwaka mzima. Hesabu yake mwenyewe inamwonyesha milioni 14 ambazo hazikuzaliwa. Mpwa wake anasema hesabu hiyo inasahau wateja walioletwa na kivutio. Mama anasema wale wangekuja tu.

Vijana walipogundua limekwenda Moshi walinuna. "Mama, si ungetuambia unafika 49!" Wote walikuwa wameambiwa 52 mwezi mmoja kabla. Sasa wanazungumzia GR86, kizazi kilichofuata cha 86, ile ya 2021 yenye injini ya lita 2.4. Mama amewapigia hesabu kwenye karatasi: injini imevuka cc 2,000 kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 10, ila gari ni jipya, uchakavu haupo, na ile shilingi 100 inafika 162 badala ya 199. Asilimia ni nzuri. Msingi wake ndio unaotisha, na viwango vyenyewe vinaweza kuguswa bajeti ya Juni yoyote.

Utaratibu wake mpya ni kwamba chochote nje ya magari yake ya kawaida kinaagizwa kwa kianzio cha asilimia 30, na jina linaandikwa baada ya pesa kuingia, shikamoo au bila shikamoo. Kwa njia hiyo ameshapokea kianzio kimoja kutoka kwenye ile orodha ya zamani. Kijana ameagiza Mark X ya 2010, nyeusi, otomatiki.